Kiti Kilichopanda Paani

Kamera ile ya Kirusi ilikuwa imekaa kwenye kabati la kioo la Wesonga muda mrefu hata vumbi lake likaota vumbi. Ilikuwa nzito kama pasi ya makaa. Haikuwa na betri wala taa, na wapiga picha wa harusi wa Kariobangi miaka ile ya tisini walitaka vijikamera vyepesi vya kuning'iniza shingoni. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hii ilikuwa ya kujitembeza, na miguu haikuwa nayo.

Kwa hiyo Krismasi ya mwaka wa tisini na sita ilipokwisha na wateja wakaadimika, mtu mmoja mwenye unga mabegani mwa ovaroli aliingia studio akaiinamia kamera ile kabla hata ya kusalimu. Wesonga akaweka kikombe chake cha chai chini taratibu. Akangoja. Alijifunza zamani, siku alizokuwa kibarua wa kiwandani akilala Mukuru kwa Reuben, kwamba anayetangulia kusema ndiye anayekatwa bei.

"Mzee, hii," yule mtu akasema hatimaye, "ukibonyeza hapa usiachilie, kile kipazia cha ndani kinabaki wazi?"

"Kinabaki. Lakini picha itaungua, ndugu yangu. Mwanga unaingia mwingi."

"Na nikiipiga gizani?"

"Gizani utampiga nani?"

"Nyota."

Wesonga akaacha kumtazama uso, akamtazama mikono. Mdomo wa mteja unajua biashara; mikono haijui. Mkono mmoja ulikuwa umeishika kamera kama mali iliyokwisha kununuliwa. Wa pili ulikuwa ukipapasa kiti cha studio, kile cha wateja kukalia, na kidole gumba kilikuwa kimetulia penye ufa.

"Kiti hiki kilichongwa na mtu mwenye hasira," yule mtu akasema.

"Wewe ni fundi?"

"Dereva wa gari la unga. Fundi alikuwa baba, mchongaji wa Wamunyu. Mimi niliitoroka patasi nikashika usukani, lakini patasi yenyewe haijanitoroka."

Ndivyo Wesonga alivyomjua Mativo, mtu wa Ukambani, mwenye mke na binti mmoja, mkazi wa ghorofa ya juu katika jengo lililokuwa nyuma ya soko. Wakakaa, chai ikaagizwa, wakavutana hadi jua likaondoka mlangoni. Mwisho wa mvutano walikubaliana hivi: Mativo angeondoka na kamera siku hiyohiyo, na badala ya bei angechonga kiti kipya cha mvule, chenye mikono mipana na vichwa vya simba, kiti ambacho hata kibarua akikikalia aonekane diwani. Kiti kiwe studio kabla ya mlango kufunguliwa Leba Dei, sikukuu ambayo wafanyakazi wa Eastlands huvaa suti na kuja kupigwa picha na familia zao.

"Na kisipofika?" Mativo akauliza.

"Kamera inarudi kwangu. Na chochote utakachokuwa umechonga kinabaki kwangu pia."

"Wewe unanyoa bila maji."

"Maji ni ya kinyozi. Mimi napiga picha."

Mativo akacheka, lakini hakuinuka. "Basi niongezee filamu."

Wesonga akampa roli kadhaa zilizopitwa na tarehe, ambazo angezitupa. Wakapeana mikono, kila mmoja akiamini kwamba amemfunga mwenzake.

Habari za mtu huyu Wesonga alizipata vipandevipande, kwa maana Mativo alipokuja kuonyesha kipande cha mbao au kupima kimo cha meza alipenda kuzungumza. Alikuwa ameendesha lori la mizigo njia ya Mombasa kwa miaka mingi. Mwaka wa themanini na sita lori lilimkatikia ekseli karibu na Mtito Andei, akalala juu ya mizigo akiogopa simba, na alfajiri akaiona nyota ya mkia imesimama juu ya Tsavo. Alipofika nyumbani alimsimulia baba yake. Mzee aliendelea kuchonga, akamwambia, "Ulilala kwa usukani, mwanangu. Mshukuru Mungu hukupinduka." Kijiji kizima kikaushika mzaha huo. Kila alipokwenda Wamunyu waliulizana kama Mativo ameota nyota gani tena. Baba yake akafa akicheka.

Tangu hapo akawa mtu wa kuinua shingo. Alinunua majarida ya Uingereza yaliyochakaa, yale ya kutandazwa kandokando ya barabara mjini, akajifunza majina na njia za nyota. Na majarida hayo ndiyo yaliyomwambia kwamba mwezi wa Aprili mwaka wa tisini na saba nyota nyingine ya mkia, kubwa kuliko ile, ingeonekana magharibi jua likizama, kisha ingezama na isirudi maisha ya mtu yeyote aliye hai.

"Safari hii sisimulii," alimwambia Wesonga. "Naweka picha mezani."

Wesonga aliona huo ni ujinga mtupu, lakini kiti kilikuwa kinaendelea vizuri, kwa hiyo aliitikia kwa kichwa.

Roli ya kwanza ilikuwa hasara. Labu ya mjini iliyokuwa ikimwoshea Wesonga filamu za rangi iliirudisha bila picha hata moja, na filamu yenyewe imekatwakatwa ovyo. Mkataji hakuona picha inaanzia wapi wala inaishia wapi, kwa maana zote zilikuwa nyeusi, akapitisha mkasi katikati ya mbingu. Mativo aliinua vipande dirishani, akavitazama kimoja kimoja. Hata pale mkasi ulipokosea njia, nyota hazikuwa nukta. Zilikuwa michirizi, kama mvua iliyopigwa na upepo.

Kosa hilo la pili lilikuwa lake mwenyewe. Dunia inazunguka, na kamera iliyoachwa wazi inazunguka nayo, kwa hiyo alikuwa ametengeneza mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba, kamera juu ya ule wa juu, na skrubu ndefu ya kuuinua polepole kwa mkono ili kamera iifuate nyota. Aliiga mchoro wa jarida hadi inchi ya mwisho, bawaba ikiwa imeinuliwa mshazari kama paa la nyumba, kuielekea nyota ya kaskazini. Alisumbuka wiki nzima kabla ya kujipiga kofi la paji la uso. Kwa Waingereza nyota ile iko juu. Nairobi, hapa mstari wa ikweta unapopita mlangoni, imelala chini kabisa kwenye upeo. Bawaba ilitakiwa ilale bapa, ielekee kaskazini, mbao zifunguke kama Biblia juu ya meza.

"Sasa nahitaji kitu kipana, kizito, kisichotikisika," akasema.

"Meza," Wesonga akajibu, akihesabu roli mpya kabatini. Hakuuliza zaidi. Baadaye alijilaumu kwa hilo.

Kisha masika yakaanza. Aprili yote mbingu za Nairobi zilikuwa kama blanketi la chifu, zito na la kijivu. Jioni moja wingu lilipasuka kidogo, Mativo akakimbia juu na kamera, likajifunga kabla hajafika. Usiku ulipokuwa safi, mwezi ulikuwa mpevu na kuiosha mbingu yote. Wiki ya mwisho alipita studio akiwa na macho mekundu, akasema kiti kimepakwa vanishi na kinakauka, na nyota ile inazidi kushuka.

"Kesho kutwa ni Leba Dei," Wesonga akamkumbusha.

"Najua tarehe, bwana Wesonga. Hata nyota huko juu inajua tarehe."

Siku ya mkesha, jua lilipozama, Wesonga alikodi mkokoteni akaenda mwenyewe kuchukua kiti. Hakupenda kuacha mambo yafike asubuhi. Mlangoni alimkuta Nthoki, mkewe Mativo, akichambua mboga.

"Karibu, baba. Kama ni kiti, kiti chako kimepandishwa cheo." Akaonyesha dari kwa kisu. "Kiko paani na mwenyewe. Mvua ikikinyeshea msije kwangu."

Wesonga alizipanda ngazi mbilimbili, tai ikimpiga kidevuni.

Paani palikuwa na tangi la maji, kamba za nguo, eriali za televisheni, na pembeni kizimba cha kuku chini ya balbu kubwa iliyokuwa tayari inawaka. Nyuma ya tangi, juu ya mstari wa chaki uliochorwa sakafuni kuelekea kaskazini, kilisimama kiti. Wesonga alikuwa hajakiona kikiwa kimekamilika. Simba wake walikuwa na nyuso za mahakimu. Na juu ya mikono yake mipana zilikuwa zimelazwa zile mbao mbili, zimefungwa kwa mipira ya tairi, na kamera ya Kirusi imekodoa jicho upande wa mji.

"Mativo! Shusha kiti changu!"

"Polepole, mzee. Ukikanyaga kwa nguvu, paa linatikisika."

"Litatikisika zaidi. Tazama nyuma yako!"

Upande wa Dandora wingu jeusi lilikuwa limepanda, limejaa tele, na upepo wake ulileta harufu ya jalala na ya mvua pamoja. Lakini mbele, juu ya mwanga wa mji, mbingu ilikuwa wazi, rangi ya wino uliotiwa maji. Mativo alinyoosha kidole. Wesonga akatazama kwa hasira, kisha akaona: doa, na juu ya doa alama iliyopanuka kwenda juu, kama chokaa iliyopanguswa na kidole gumba.

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu."

Hakuguswa moyo. Alichofikiri ni kwamba redio ilikuwa ikiizungumzia nyota hii mwezi mzima, na hakuna studio yoyote kuanzia hapa hadi Buruburu iliyokuwa na picha yake dirishani.

"Kiti kikinyeshewa vanishi itageuka nyeupe," akasema. "Nikikuacha umalize, filamu ni yangu. Negativu zote."

Mativo hakuondoa macho kwenye kamera. "Chukua. Lakini kamera ni yangu kuanzia sasa hivi, kiti kiwe kimelowa au kikavu."

"Kikipasuka je?"

"Wewe ndiye umekiacha paani. Wingu linakuja, bwana Wesonga. Sema ndiyo au sema hapana."

Alikuwa amefungwa, na alijua. Alikuwa amefundisha watu wengi mbinu hiyohiyo: mpe mtu bei wakati mlango unafungwa. "Ndiyo," akasema.

"Basi nizimie balbu ile. Inamwaga mwanga kwenye lenzi."

Balbu ilikuwa ya Beldina, jirani wa ghorofa ya chini yake, mwenye kuku. Naye alikuwa palepale, amesimama na kopo la mahindi, amesikia yote.

"Taa haizimwi," akasema kabla hajaulizwa. "Juzi wameninyang'anya jogoo na mitetea wawili. Nikizima, kesho manyoya yangu mtayaona Gikomba yakiuzwa kama mito."

"Mama, ni kwa dakika chache."

"Mwizi anahitaji chache kuliko wewe."

Wesonga akavuta pumzi. Huyu alikuwa mtu wa lugha yake. "Kesho uje studio na watoto wote. Nitawapiga katika kiti hiki, picha kubwa ya kutundika, bila malipo."

"Na fremu."

"Na fremu."

"Na kuku wangu watalindwa na nani gizani?"

"Mimi mwenyewe."

Beldina akamtazama kutoka tai hadi viatu, akacheka hadi mahindi yakamwagika. "Haya, askari. Shika hapo kwenye komeo, usiachilie." Akashuka kuzima swichi nyumbani kwake.

Balbu ikafa. Wesonga akabaki ameinama, mkono kwenye komeo la kizimba, kuku wakilalamika ndani. Akasikia kipazia cha kamera kikifunguka, kisha Mativo akaanza kuvumisha wimbo wa kwaya ya kanisa lao puani. Ndiyo ilikuwa saa yake. Kila ubeti skrubu ilizunguka kipimo kilekile, bila kuharakisha, bila kusita. Akinyamaza, amepotea. Akijibu neno, amepotea.

Ngurumo ikasikika. Wesonga alihisi tone moja kwenye sikio.

Kisha akasikia hatua ngazini. Hazikuwa za Beldina. Zilikuwa nzito, zikiwekwa moja moja, za mtu anayenyemelea. Akakumbuka mara moja habari ya jogoo. Burale, keateka, yaani mwangalizi wa jengo, alikuwa amekemewa na mwenye nyumba kwa sababu ya wizi ule, na tangu siku hiyo alikuwa akiungojea usiku ambao taa ya kuku ingezimika.

Mwanga wa tochi ukatokea mlangoni mwa ngazi, ukapapasa sakafu, ukapanda kuelekea tangi. Ukifika kwenye lenzi, kila kitu kimekwisha: picha, filamu, bei yake yote.

Wesonga hakuweza kupiga kelele, wala hakuweza kukimbia. Aliliacha komeo, akajitupa mbele ya mwanga na kuikumbatia tochi kifuani pamoja na mkono ulioishika.

"Mwizi!" Burale akasema kwa mnong'ono wa mshangao, kisha kwa sauti kamili, "Mwizi wa kuku!" Rungu likashuka begani mwa Wesonga.

"Ni mimi," Wesonga akatoa sauti kati ya meno. "Wesonga. Wa studio."

"Hata wa studio wanakula kuku!" Rungu likashuka tena.

Hakuiachia tochi. Aliuma tai yake. Kizimba kikafunguka, kuku wakatoka wakipiga mabawa gizani, Burale akamvuta, akavutwa, na nyuma ya tangi ule wimbo wa puani ukaendelea, ubeti baada ya ubeti, ukitetemeka lakini haukukatika. Kisha kikasikika kishindo kidogo cha chuma. Kipazia kilikuwa kimefungwa.

"Imeingia!" Mativo akapiga kelele. "Washeni hata jua!"

Na mvua ikaja, yote kwa pamoja. Mativo akavua shati akaifunika kamera. Wesonga, kwa mkono mmoja uliobaki na nguvu, akatupa koti lake juu ya kiti, lakini koti lilikuwa la mtu mmoja na kiti kilikuwa cha diwani. Burale aliinua tochi, akaona tai, akaona simba, akaona kuku juu ya tangi.

"Mzee," akasema kwa adabu kubwa, "kama ulitaka kuku si ungeniambia tu?"

Ni yeye aliyekibeba kiti hadi chini.

Asubuhi ya Leba Dei kiti kilikuwa studio kabla ya mlango kufunguliwa. Simba wa kushoto alikuwa amefanya weupe usoni, kama mzee mwenye mtoto wa jicho, na Wesonga alitundika kitambaa cha kusuka juu yake. Wateja walipigania kukikalia. Wa kwanza alikuwa Beldina na watoto wake, na aliichagua fremu pana kuliko zote.

Filamu ilirudi kutoka labu imekatwa barabara, kwa sababu safari hii Mativo alikuwa ameanza roli kwa picha moja ya mchana: kiti chenyewe, juani, ili mkataji apate pa kuanzia. Picha ya mwisho ndiyo iliyokuwa yenyewe. Paa za Kariobangi chini, eriali zimepinda kidogo kwa ule mwendo wa mbao, nyota nukta kwa nukta, na ile ya mkia imesimama juu ya mwanga wa mji kama kitu kilichowekwa pale makusudi. Wesonga alitengeneza nakala nyingi, akaiweka kubwa zaidi dirishani.

Hakuuza hata moja. Watu walisimama, wakatazama, wakauliza swali lilelile: "Mbona haina mtu?" Mama mmoja alisema nyota ya mkia ni njaa, haiwekwi ukutani. Mwingine alitaka kujua kama anaweza kuwekwa yeye mbele yake, akiwa na suti.

Mei ilipofika katikati na nyota yenyewe ikapotea katika mwanga wa jua, Mativo akaja na chupa ya vanishi.

"Nimekuja kwa negativu."

"Negativu ni zangu."

"Ni zako, ndiyo. Na simba wako ni kipofu."

Wesonga akalisugua bega lake. Lilikuwa bado haliinuki sawasawa, na halikuinuka sawasawa tena. Alifungua mtoto wa meza, akatoa bahasha, akaiweka juu ya meza bila kuiachia hadi chupa ilipofunguliwa. Mativo alipiga msasa, akapaka, akapuliza, mchana mzima. Jioni simba akaona, na bahasha ikaondoka.

Wamunyu, Wesonga alikuja kusikia, picha ile imetundikwa katika nyumba ya marehemu mzee, upande wa patasi zake, na hakuna tena anayeuliza kuhusu ndoto. Lakini paa Mativo alilipoteza. Baada ya vurugu ile mwenye nyumba alilipiga kufuli, na funguo akabaki nazo mwenyewe. Kuku wa Beldina waliuzwa. Mativo ana kamera aliyoitaka na hana mahali pa kuisimamisha, isipokuwa anapokwenda Ukambani sikukuu.

Nakala kubwa imebaki dirishani kwa Wesonga. Haimpi kitu, na ameshaiweka nyuma ya kalenda mara mbili, akairudisha. Mtu akisimama hapo nje kuitazama, mara nyingi huishia kuingia.

"Na hii ni nini, mzee?"

"Nyota."

"Ya nani?"

"Ya Mativo," Wesonga husema, akikivuta kiti mbele kwa mkono wa kulia. "Kaa hapa. Inua kidevu."